Kitenzi Kimoja Kitandani: Hatima ya East of Eden

Mwisho wa riwaya ya John Steinbeck, East of Eden (1952), aghalabu husomwa kama tendo la msamaha: baba aliyepooza anambariki mwana aliyekosa. Usomaji huo unatosheleza moyo kuliko unavyotosheleza matini. Adam Trask hatamki neno la kusamehe. Anayeomba baraka ni Lee, Mchina aliyewalea watoto wa nyumba hiyo. Ajibiwalo ni kitenzi kimoja cha Kiebrania, timshel, kisha mgonjwa anafumba macho na kulala.

Kitenzi hicho kimeandaliwa mapema, katika mazungumzo ya Lee, Adam na Samuel Hamilton juu ya Mwanzo 4:7, pale Kaini anapoonywa kuhusu dhambi. Lee amelinganisha tafsiri mbili za Kiingereza. Ile ya 1611 inamwahidi Kaini kwamba ataishinda dhambi; ile ya Kimarekani ya 1901 inamwamuru aishinde. Yeye na wazee wa ukoo wake, waliojifunza Kiebrania uzeeni kwa ajili ya aya hiyo, wanakata shauri kwamba maana yake ni 'waweza'.

Mwanaisimu atasita hapa. Umbo sahihi ni timshol, na kitenzi cha namna hiyo katika Kiebrania huweza kubeba wakati ujao, wajibu, au uwezekano. Muktadha ndio uamuao. Kiswahili hakimpi mfasiri maficho hayo. Utaishinda, uishinde, yapasa uishinde, waweza kuishinda: hizi ni kauli nne, na kila moja ina mungu wake. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka uleule wa 1952, ilichagua kitenzi -pasa. Msomaji anayeifuata hoja ya Lee akiwa na Biblia hiyo mkononi hukuta maana iliyo karibu na amri kuliko hiari.

Hata hivyo, hoja ya Lee haisimami wala kuanguka kwa sarufi peke yake. Caleb amemtunuku baba yake dola 15,000, faida ya biashara ya maharagwe wakati wa vita, na Adam amezikataa. Kwa ghadhabu Caleb anampeleka ndugu yake Aron kwa mama yao, mwenye danguro mjini Salinas. Aron anakimbilia jeshini na kuuawa. Habari hiyo inampiga baba kiharusi. Lau Adam angesema 'nimekusamehe', deni lingefutwa na mdai. Lau angesema 'utashinda', ingekuwa bishara. Kwa 'waweza', Caleb anapokonywa udhuru aliouzoea, yaani damu ya mama yake, na mzigo unarudishwa mabegani mwake. Baraka hii ni kali kuliko laana.

Dosari ya riwaya iko kwa Cathy. Msimulizi anamleta kama kiumbe aliyezaliwa bila dhamiri. Baadaye anaitilia shaka kauli yake mwenyewe, lakini hamrudishii hiari aliyomnyima. Ikiwa 'waweza' ni ya wanadamu wote, mwanamke huyu amefungiwa nje ya mlango, na Steinbeck hatoi sababu ya kutosha.

Juu ya Caleb mwandishi ni mwangalifu zaidi. Hatuambiwi kwamba Adam amekufa, ila kwamba amelala. Wala Caleb hapewi neno la kujibu.