Lewis redioni: ugomvi kwanza, mafundisho baadaye

Februari 1941, James Welch, mkuu wa vipindi vya dini wa BBC, alimwandikia barua C. S. Lewis, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza huko Oxford, akimwomba azungumze redioni. Agosti Lewis akaanza, dakika 15 kila kipindi, mbele ya taifa lililokuwa vitani na wasikilizaji ambao wengi wao walishalipa kanisa kisogo.

Ustadi wake umo katika mpangilio kuliko katika msamiati. Hakufungua kwa Biblia wala kwa jina la Mungu. Alianza na ugomvi: watu wanagombea kiti, mmoja anadai ametangulia kukaa. Kisha akaonyesha kwamba anayelaumiwa ni nadra kusema haki ni upuuzi, hutafuta udhuru. Kumbe wote wawili wanaitambua sheria moja, na wote wameivunja. Mhubiri wa mtaani angetamka "dhambi" katika sentensi ya kwanza, na mtu wa nje angezima redio hapo hapo. Lewis alimwacha akiri jambo lenyewe kwanza, kwa ushahidi wa maisha yake mwenyewe.

Imani ya Kikristo yenyewe ilingoja mfululizo wa pili, mwanzoni mwa 1942. Muswada wake aliwapelekea makasisi wanne waukosoe: Mwanglikana, Mmethodisti, Mpresbiteri na Mkatoliki. Mmethodisti aliona imani haijazungumzwa vya kutosha. Mkatoliki aliona nadharia za upatanisho, yaani za jinsi kifo cha Kristo kinavyompatanisha mtu na Mungu, zimepuuzwa mno. Mengine walikubaliana. Hatua hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu anayerahisisha mafundisho huwa wa mwisho kujua alichokidondosha njiani.

Na kipo alichokidondosha. Hoja yake maarufu, kwamba Yesu ama alikuwa mwendawazimu, ama mwovu, ama kweli ni Mungu, inashika sikio haraka. Lakini inamdhania msikilizaji kuwa tayari anaziamini Injili. Asiyeamini kwamba Yesu alidai kuwa Mungu hakupewa jibu, naye ndiye hasa aliyekusudiwa.

Uchapishaji ulileta tatizo jingine. Katika vitabu vya mwanzo vilivyotokana na vipindi hivyo, Lewis aliacha vifupisho vya mazungumzo, na maneno aliyoyakazia kwa sauti akayapiga herufi za mlalo. Alipovikusanya vitabu hivyo kuwa kimoja, Mere Christianity, mwaka 1952, aliona amekosea: akavifungua vifupisho vingi, akazisuka upya sentensi ili mkazo utoke kwenye mpangilio wa maneno yenyewe.