Orodha Kabla ya Koleo: Madaktari wa Meno wa Jeshi la Marekani Vietnam

Daktari wa meno wa jeshi akitajwa, wengi humfikiria akiwa ameshika koleo ndani ya hema, na askari ameachama mbele yake. Hoja yangu ni kwamba kilichoamua kama kazi yake imefaulu au imeshindwa hakikuwa wepesi wa mkono ule bali orodha: askari gani ana jino gani, limeoza kiasi gani, na litavumilia hadi lini. Vita vya Marekani huko Vietnam vinalionyesha jambo hili vizuri, kwa sababu joto, unyevu na umbali viliibana kazi ya meno kutoka kila upande.

Majeshi yalichelewa sana kulielewa hili. Uingereza ilipoanza kupigana na Makaburu Afrika Kusini mwaka 1899 haikuwa na kikosi cha madaktari wa meno, na maelfu ya askari waliokuwa wakitafuna biskuti ngumu kama ubao walilazwa kwa sababu ya meno. Marekani iliruhusu kuajiri madaktari wa meno wa mkataba mwaka 1901, wengine wakapelekwa Ufilipino, na mwaka 1911 ikaunda kikosi kamili. Hata hivyo kwa muda mrefu utaratibu ulibaki uleule wa daktari kukaa na kumsubiri mwenye maumivu. Sasa tupige hesabu. Tafiti za majeshi mara nyingi zimekuta dharura za meno kati ya 150 na 200 kwa mwaka kwa kila askari 1,000 walio nje ya nchi. Mwaka 1968 Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 500,000 Vietnam. Kwa kiwango hicho, jeshi la ukubwa huo lingetarajia dharura zisizopungua 75,000 kwa mwaka, na askari mmoja mwenye jipu la gego katika kituo cha porini angeweza kuhitaji helikopta ya kumtoa, kisha nyingine ya kumrudisha. Kwa mzigo huo, kumsubiri mgonjwa aje mwenyewe hakukuwa tiba tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa meno wa jeshi la nchi kavu waligeuza utaratibu. Walikagua vinywa kabla ya maumivu kuanza, wakawatenga askari wenye meno yaliyokaribia kulipuka, wakawatibu hao kwanza. Muda wa zamu ya askari wa nchi kavu huko ulikuwa kwa kawaida miezi 12, kwa hiyo swali la daktari lilipata mpaka ulio wazi: je, jino hili litafika mwaka bila kuuma? Swali hilohilo ndilo msingi wa madaraja manne yanayotumiwa leo na majeshi ya NATO: la kwanza ni la wasiohitaji tiba, la pili ni la wanaoihitaji lakini hawatarajiwi kupata dharura ndani ya miezi 12, la tatu ni la wanaotarajiwa kuipata, na la nne ni la wale ambao hali yao haijulikani kwa kuwa hawajakaguliwa. Napenda sana kwamba daraja la nne lipo kabisa, kwa sababu kinywa kisichokaguliwa hakihesabiwi kuwa kizima.

Kwa hao waliotibiwa kwanza, tundu la kina liliweza kusafishwa haraka na kuzibwa kwa saruji ya oksidi ya zinki na yujinoli, kiini cha mafuta ya karafuu, yaleyale yanayotengenezwa Pemba. Hutuliza jino, na ikiimarishwa hudumu miezi mingi. Lakini katika nchi ya joto ina masharti yake. Unga na mafuta huchanganywa juu ya kibao cha kioo. Joto na unyevunyevu huiharakisha kuganda, hata ikawa ngumu kabla haijafika mdomoni. Daktari hukipoza kioo ili apate muda, ila akikipoza kupita kiasi hewa yenye mvuke huacha umande juu yake, na maji hayo nayo huiharakisha saruji kuganda, sawa na joto alilokuwa akilikimbia. Plasta ya kuchukulia umbo la taya huvuta unyevu ndani ya kopo. Dawa ya kusafishia picha za eksirei, inayofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 hivi, ikipata joto hutoa picha yenye ukungu. Na kabla ya kung'oa, daktari wa nchi za joto humuuliza askari kama ana homa, kwa sababu homa ya denge hupunguza chembe za kugandisha damu, na pengo la kawaida linaweza kutoka damu bila kukoma.

Mwenye kupinga atasema kwamba utabiri wenyewe una mashimo. Ni kweli. Jino huvunjika kwa pigo au kwa kuuma kitu kigumu, gego la mwisho huvimbisha fizi ghafla, na hakuna orodha inayoyaona yote hayo mapema. Lakini orodha haikuhitaji kuona kila kitu. Ilitosha kuziondoa dharura zinazotokana na kuoza, ambazo ni nyingi na hutoa dalili mapema, ili muda wa daktari ubaki kwa zile zisizotabirika na kwa majeruhi wa taya.

Pingamizi zito zaidi ni la kiutu. Kumwacha askari na matundu madogo kwa sababu hayatamuuma mwaka huu ni kumtibu kwa faida ya jeshi, si kwa faida yake. Sioni namna ya kulikwepa hilo, ila mbadala uliokuwepo ulikuwa kuziba matundu madogo ya wachache huku wengi wakibaki na majipu. Aliyeachwa na tundu dogo alikuwa bado na kadi yenye jina lake na jino lake, na daktari aliyefuata angeweza kuanzia hapo.

Wanakijiji wa Vietnam hawakuwa na kadi hiyo. Timu za tiba za jeshi zilifika vijijini, zikang'oa meno kwa siku moja, zikaondoka. Maumivu ya siku hiyo yalikwisha kweli, na hilo si dogo kwa mtu aliyekesha na jino. Lakini pasipo kumbukumbu wala ziara ya pili, jino la jirani lililokuwa likioza liliendelea kuoza hadi nalo likastahili koleo. Leo vifaa si kisingizio tena: katikati ya miaka ya 1980 ilianza Tanzania mbinu ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, iitwayo kwa kifupi ART, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi. Mbinu hiyo humwezesha mhudumu kuliokoa jino mahali pasipo na mashine, mradi alikute kabla kuoza hakujafika kwenye kiini, na kulikuta mapema namna hiyo kunataka mtu anayerudi kijijini na daftari lake.