Mpango wa Safari Husomwa Kuanzia Mtoni

Mtu akikuletea mpango wa siku nne za kutembea uwanda wa Kitulo mwezi wa Desemba, jicho hukimbilia kilomita na vilele: siku ya kwanza Matamba, siku ya pili Mtorwi wenye mita 2,961, siku ya nne mchanga wa Matema. Karatasi ya namna hiyo huvutia. Lakini ukitaka kujua kama aliyeiandika anaijua kazi yake, viruke vilele vyote utafute maji. Je, ametaja kila mto mtakaovuka? Ameandika mtafika kivukoni saa ngapi? Na maji yakikataa, amesema mtalala wapi? Katika nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa, mvua zinapoanza, mpango mzuri ni ule uliojengwa kutoka kwenye vivuko kwenda juu. Ulioanzia kileleni, ukaiacha mito hadi mtakapoifikia, una kasoro hata kama kila kilomita yake imepimwa sawasawa.

Swali la haki ni kwa nini kwenda wakati huo. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye kilomita za mraba 412.9, na wenyeji wameiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake: zaidi ya aina 350 za mimea, 45 kati ya hizo zikiwa okidi. Maua hayo hayangoji kiangazi. Huanza kujitokeza mvua za Novemba zikishalowesha udongo, na huendelea kupokezana hadi Aprili. Anayepanda Julai atakuta anga safi, nyasi za kahawia na sakitu ya alfajiri, umande ulioganda ukivunjika chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Huo nao ni uzuri, ila si bustani. Ushauri wa kusubiri Juni unamfaa anayetaka kilele. Anayetaka maua hauna la kumwambia. Yeye hana budi kuingia kwenye mvua, na uamuzi wake mkubwa wa kwanza ni aingie mapema kiasi gani.

Hapo ndipo mwanzo wa msimu unapomfaa kuliko watu wanavyodhani. Ardhi iliyokauka tangu Mei huzinywa mvua za kwanza. Mvua ya kipimo kilekile ikinyesha Machi hukuta ardhi imeshiba, na sehemu kubwa yake huishia mtoni. Kijito cha Desemba hupanda upesi na kushuka upesi. Cha Machi hupanda na kukaa. Hata hivyo mpangaji makini hatatoa kauli moja kwa nyanda zote. Rungwe, Poroto na sehemu kubwa ya Kitulo zimefunikwa na udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, wenye kupitisha maji chini na kuyatoa taratibu kwenye chemchemi. Upande wa Iringa, kwenye miteremko ya Kilolo na Mufindi inayoelekea Udzungwa, udongo mwekundu wa mfinyanzi umekalia mwamba wa kale. Ukishalowa juu huteleza kama sabuni, na maji hukimbia. Tena popote palipochomwa moto wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa bado hazijarudi, mvua ya kwanza hushuka na masizi na tope, na ile faida ya ardhi kavu hupotea. Mpango unaotoa muda uleule kwa kilomita kumi za Kitulo na kilomita kumi za Kilolo umetungwa juu ya ramani tu.

Utabiri una nafasi yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye mvua za mara moja kwa mwaka, na hii yetu imo. Usomwe. Lakini utabiri huo unazungumzia msimu mzima na eneo kubwa, wakati mvua za milimani hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Miteremko ya kusini ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare za Usangu, katika mkoa huohuo wa Mbeya, hazifikii nusu ya hapo. Jua linaweza kuwaka Iringa mjini huku ukungu na mvua vikiwa vimelala juu ya Mufindi, kule unakoanzia Ruaha Mdogo kabla haujafika Ipogolo. Anayetazama anga la mjini na kuamua kuhusu kivuko cha mlimani anasoma barua ya mtu mwingine. Ushahidi wa maana zaidi ni simu kwa mtu anayeishi karibu na kivuko, jana yake jioni na tena asubuhi ya kuondoka. Mpango bora una namba ya mtu huyo, umeiweka juu, na umesema ni nani atakayepiga.

Kuna watakaosema kwamba tahadhari zote hizi zimetoka nchi za theluji, wala hazituhusu sisi ambao theluji yetu imebaki Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kwa kweli theluji ndiyo mfano unaotusaidia zaidi. Kwenye milima ya Sierra Nevada, Marekani, watembeaji wa mwanzo wa msimu wanajua kwamba theluji huyeyuka kwa jua la mchana, mito hujaa jioni, na maji huwa chini alfajiri baada ya usiku wa baridi. Mwaka 2017, baada ya majira ya theluji nyingi kupita kawaida, watembeaji wawili wa njia ndefu ya Pacific Crest walikufa maji kwenye mito ya milima hiyo. Huko New Zealand ya karne ya 19, kufa maji mtoni kulikuwa kwingi hata kukapewa jina la nchi yenyewe. Kwetu kazi ya jua hufanywa na wingu. Mvua za Desemba mara nyingi hujijenga baada ya saa sita mchana na kumwagika alasiri. Kijito kidogo hujibu ndani ya saa moja, kikapungua usiku. Saa ya kuvuka inatoka palepale: asubuhi, kabla wingu halijaamka. Tofauti ni kwamba theluji hulala mlimani ikapimwa tangu mapema, na mvua yetu haiachi akiba inayoonekana. Kwa hiyo mpangaji wa huku anahitaji nafasi kubwa zaidi ya kukosea, si ndogo.

Kanuni ya asubuhi nayo ina mipaka, na mpango unaoitaja bila mipaka hiyo upunguziwe alama. Kwenye miteremko inayotazama Ziwa Nyasa mvua inaweza kunyesha usiku kucha, hasa Machi na Aprili, na hapo alfajiri si salama kuliko jioni. Mito mikubwa kama Kiwira na Lufilyo hukusanya maji kutoka mbali, basi kilele cha mafuriko chaweza kupita saa nyingi baada ya mvua kukatika, hata siku ya pili yake. Kijito na mto haviwi na saa moja.

Mpango ukishapita kwenye karatasi, ubora wake hupimwa tena pale kivukoni, kwa dakika kumi ambazo lazima ziwe zimetengwa. Kwanza litazamwe jiwe lililosimama majini. Likiwa na mkanda wa unyevu juu ya usawa wa maji, mpana kama viganja viwili, mto unashuka. Likiwa kavu hadi kwenye maji, na ukingoni majani mabichi ya nyasi yamezama yakiwa bado yamesimama, mto unapanda. Povu na vijiti vinavyopita katikati ya mkondo husema hivyohivyo. Takataka zilizokwama pembeni husema maji yamepita. Kisha kitupwe kijiti, na mtu atembee ukingoni sambamba nacho. Kikimwacha nyuma akiwa anatembea kwa haraka, pasivukwe, hata kama maji ni ya magoti, kwa kuwa kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo huongezeka mara nne. Mgeni hupenda mahali pembamba kwa sababu ng'ambo iko karibu. Mjuzi hutafuta mahali papana, ambapo maji yametawanyika, au hupanda hadi juu ya makutano ili avuke vijito viwili vidogo badala ya mto mmoja. Tena hutazama chini ya kivuko kabla ya kutazama kivuko chenyewe: mtu akianguka, anapelekwa wapi? Penye maporomoko au mti ulioangukia mtoni, pasivukwe. Mkanda wa begi wa kiunoni hulegezwa, kiatu hakivuliwi, mkongojo hutangulia mguu. Ulalo wa gogo lenye ukoga uhesabiwe kuwa hatari hadi uthibitishwe vinginevyo. Wengi huuamini kwa kuwa tu ni daraja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wenyeji. Wakinga, Wasafwa, Wanyakyusa na Wahehe wamevuka mito hii vizazi na vizazi, wakiwa na gumbuti au miguu mitupu na gunia la viazi begani, bila karatasi yoyote. Ni kweli, na ndiyo sababu mwenyeji wa kuongoza ni sehemu ya mpango wenyewe. Lakini tuangalie wanachokifanya hasa. Wanangoja. Wanazunguka kupitia daraja la mbali. Wanalala kwa shemeji ng'ambo hii hadi kesho. Mipango yao imejaa subira kiasi kwamba haihitaji kuandikwa, wakati mgeni mwenye tiketi ya basi la Jumapili hana hata nusu ya subira hiyo. Unapochagua mwongozaji, basi, usimuulize amevuka mara ngapi. Muulize ni lini aliwarudisha watu, na kwa nini. Asiyekuwa na jibu hajapimwa bado.

Subira hiyo, kwa mgeni, inaitwa siku ya akiba, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika, kwa kuwa siku ina bei: kiingilio cha hifadhi, posho ya mwongozaji, chakula, gesi. Malalamiko ya gharama ni ya haki. Jibu lake ni kukata njia, si kukata akiba. Siku nne zenye matembezi ya siku tatu ni kazi bora kuliko siku nne zilizojazwa pomoni, na akiba hiyo iwekwe kabla ya kivuko kigumu, sio mwisho wa safari ambako haimsaidii mtu aliyekwama siku ya pili.

Chukua mteremko wa Kitulo hadi Matema kama kipimo cha mwisho. Mara nyingi hutajwa kuwa wa siku moja nzima, na kwenye ardhi kavu mwenye miguu hodari huumaliza. Lakini ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka kuvuka milima ya Livingstone, na anayeondoka uwandani asubuhi hufika sehemu za chini alasiri, amechoka, magoti yanatetemeka, mvua ikiwa imeshaanza, na vijito vinavyoporomokea ziwani vikiwa mbele yake. Mpango ulioandikwa na mjuzi huugawa mteremko huo mara mbili. Unawalaza watu kijijini katikati ya mlima, juu ya kijito cha mwisho kikubwa, kwa makubaliano yaliyofanywa kabla, na unasema wazi: kijito kivukwe saa moja asubuhi, kikiwa kimejaa turudi kijijini tupike, tukitazame tena kesho yake. Ziwa litaonekana kule chini muda wote huo, karibu kabisa.