Namna ya Kupima Kazi ya Fundi wa Seva ya Barua

Akaaye Kinyangiri, wilayani Mkalama, akiwa amekabidhiwa dhamana ya barua pepe za shule au za chama cha ushirika, aghalabu hana idhini ya kuingia katika chumba ilimowekwa seva yake, ambacho pengine kipo Dar es Salaam na pengine ng'ambo ya bahari. Wala hana haja ya kuingia, kwani umahiri wa fundi husomeka katika barua yenyewe ikishapokelewa. Na ajiandikie barua ya kwenda sanduku lake la Gmail, afungue maandishi yake asilia, autafute mstari wa Received ulioandikwa na seva ya Google yenyewe, maana mistari iliyo chini ya huo yaweza kughushiwa. Hapo ataiona, mfano wa muhuri wa posta, anwani ya IP ambayo barua imetokea kwayo hasa, fundi aseme atakavyosema.

Seva yenye anwani nyingi isipopewa amri ya anwani ya kutumia huiachia keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ichague kwa kufuata jedwali la njia, na keneli, pamoja na uaminifu wake wote, haina habari kwamba anwani iliyoichagua imekwisha kuandikwa na shirika la Spamhaus miongoni mwa waenezao barua taka, kwa taksiri ya mtu mwingine aliyeikodi zamani. Fundi stahiki huamuru: katika Postfix, programu ya barua ya Wietse Venema, kwa smtp_bind_address, na katika Exim, programu nyingine ya aina hiyo, kwa neno interface, ndani ya transpoti ya smtp. Mwulize na mahali alipoiandika amri hiyo katika Postfix. Aliyeiandika katika main.cf amezipa barua zote njia moja. Aliyeiandika katika master.cf, kila huduma ikawa na anwani yake na smtp_helo_name yake, ili matangazo ya jumla yakilaumiwa yasiziponze barua za ofisi, huyo anastahili ujira wake.

Kasoro niionayo mara nyingi ni IPv6 kusahauliwa: IPv4 imefungwa barabara, ilhali barua yatokea kwa anwani ndefu isiyo na jina la kinyume, nayo Google huikataa. Jina hilo la kinyume, yaani PTR, sharti liafikiane na jina ambalo seva hujitambulisha kwalo, na SPF, yaani orodha ya anwani zilizoruhusiwa kutuma barua za kikoa, nayo iitaje anwani hiyo hiyo. Wala jina la kinyume halipatikani kwa kusajili kikoa cha .tz, kwani aliye na mamlaka juu yake ni kampuni iliyomilikishwa anwani, ambayo kwa Afrika huzipata kutoka kwa msajili wa anwani, AfriNIC. Mwulize mkodishaji wa seva juu ya jina hilo kabla ya kulipa.

Mimi humpima fundi kwa jambo dogo zaidi. Postfix ikishindwa kuishika anwani iliyoamriwa, kwa desturi yake huandika onyo katika logi, kisha ikaendelea kupeleka kwa anwani nyingine. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2022 ipo smtp_bind_address_enforce, ambayo ikiwekwa yes barua hungoja foleni. Aliyeiweka amewaza juu ya siku mbaya kabla haijafika.

Ama seva iliyowekwa Kinyangiri penyewe, ikitegemea laini ya simu ambamo wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje, hiyo haifaidiki na amri yoyote kati ya hizi, kwa sababu anwani hubadilishwa na kampuni ya simu baada ya barua kutoka. Dawa yake ni relayhost, barua zipitie kwanza seva nyingine yenye anwani yake halisi.