Anwani Tano, Seva Moja

Kuiongezea seva anwani ya IP ni kazi ya mstari mmoja wa amri. Lakini mwangalie fundi hodari akiifanya, tuseme katika chumba cha kompyuta cha ofisi mojawapo pale Kongwa, utaona mstari huo hauandiki mapema.

Kwanza huuliza kama haja ipo. Anwani za IPv4 hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika linalozigawa Afrika, lenye makao Mauritius, huzitoa kwa kubana. Tovuti nyingi siku hizi hukaa kwenye anwani moja bila kugombana, maana kivinjari hutaja jina la tovuti kinayoitaka. Barua pepe ndiyo inayostahili anwani yake, ili tovuti ikivamiwa na kuanza kumwaga barua taka, barua halali zisizuiwe pamoja nayo.

Kisha hesabu. Mtoa huduma ametoa anwani nane, tuchukulie 203.0.113.8 hadi 15. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kuzitangazia mashine zote, moja ni ya ruta. Zimebaki tano. Kabla ya kugusa yoyote, fundi hubisha hodi mtandaoni asikie kama kuna mwenyeji. Mashine mbili zikishika anwani moja, hitilafu huja na kuondoka, na sijui hitilafu inayochosha kuliko hiyo.

Anwani zikishawekwa kwenye seva, ruta ikiuliza mwenye 11 ni nani, kadi ya seva huitika. Ikiuliza mwenye 12, kadi ileile huitika tena. Kongwa, wengi kukaa mahali pamoja si jambo geni: miaka ya 1960, penye mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, vyama vya ukombozi vya FRELIMO, SWAPO na ANC vilikaa jirani, kila chama na kambi yake.

Umahiri wenyewe uko kwenye kutoka. Seva ikiitwa, hujibu kwa anwani iliyoitwa. Ikianza yenyewe kuzungumza, kwa kawaida huchukua ile ya kwanza. Barua iliyokusudiwa kutoka 12 inatoka 10, mpokeaji anatafuta jina la anwani hiyo, halilingani, anaikataa. Kwa hiyo fundi huiandikia programu ya barua waziwazi itokee wapi.

Kwenye Linux kuna mtego mwingine. Anwani za nyongeza za mtandao mmoja huitegemea ya kwanza. Ukiifuta hiyo bila kuweka mpangilio wa kuzinusuru, zote huondoka nayo. Fundi aliyekuwa akifanya kazi kwa mbali kutoka Dodoma atapanda basi, achepukie Mbande, afike Kongwa kuandika mstari mmoja.

Na amri tupu haidumu: umeme ukikatika, anwani zimepotea. Lazima ziandikwe kwenye faili la mipangilio, seva izimwe, iwashwe, kila anwani ijaribiwe kutoka nje. Ukimwita fundi wa kazi hii, mwombe aizime seva na kuiwasha mbele yako kabla hujamlipa.