Chungu Kisichongoja Soko

Chukuchuku haina pa kujificha. Mchuzi wa nazi unaweza kumsitiri samaki aliyeshinda juani tangu asubuhi, na biriani inaweza kumsitiri hata mpishi. Chukuchuku ni maji, chumvi, samaki na kitu chenye uchachu, basi. Samaki akiwa amechoka, supu itasema. Moto ukiwa umezidi, supu itasema. Ndiyo maana nikitaka kumjua mpishi wa pwani hii ya Kilwa na Lindi siulizi habari za pilau yake ya Idi. Naomba bakuli la chukuchuku la siku ambayo hakujiandaa.

Siku hiyo ndiyo kipimo, kwa kuwa jikoni huwa na vitu ambavyo havikupangwa kukutana: nusu kitunguu, nyanya mbili zilizolegea, ndimu iliyoanza kukauka ganda, na kichwa cha chewa kilichonunuliwa mnadani baada ya wenye fedha kuondoka na minofu. Wapo wanaokiita hiki chakula cha shida. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuwa na kila kitu na kukipika vizuri ni jambo jema, lakini kuvitazama vilivyopo ukajua kipi kitangulie, kipi kingoje na kipi kisiingie kabisa, huo ni ustadi, na wanawake wa pwani hii wameubeba vizazi kwa vizazi bila kusifiwa ipasavyo.

Tuanze na hicho kichwa. Hupasuliwa katikati, matamvua yakatolewa yote, maana damu inayobaki humo huichafua supu. Kisha husuguliwa kwa chumvi na ndimu, kikaoshwa. Maji huwa machache, yasikifunike, na huchemshwa kwanza pamoja na kitunguu, nyanya, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili mbuzi nzima. Pilipili hiyo isipasuliwe: ikiwa nzima inanukia, ikipasuka inatawala sufuria yote. Maji yakichemka ndipo samaki aingie, na hapo mwiko huwekwa kando. Kuna bibi mmoja wa Kilwa Kivinje ambaye hupenda kupika huku mjukuu wake akitazama. Siku moja binti alinyoosha mkono kuchukua mwiko.

“Usikoroge, mama. Tikisa.”

“Abee, bibi. Mpaka lini?”

“Mpaka jicho liwe jeupe.”

Binti akaishika sufuria kwa matambara, akaizungusha kwa taratibu, na kichwa kikageuka humo ndani bila kuvunjika hata upande mmoja. Jicho lilipogeuka jeupe, sufuria ikaepuliwa. Ndimu ilikamuliwa baada ya kuepua, kwa sababu ikichemshwa huacha uchungu na harufu yake hupotea. Bibi akadondosha supu kidogo kiganjani, akaonja, akaongeza punje chache za chumvi. Hakuna aliyetazama saa. Supu yenyewe ilikuwa na ule mnato wa ngozi na mifupa unaogandisha midomo, ambao minofu ya bei kubwa haiwezi kuutoa.

Kama kuna jambo moja linalohitaji akili kuliko mengine katika supu hizi, ni uchachu. Ndimu zikiadimika, kuna ukwaju. Huo hulowekwa katika maji ya vuguvugu, ukaminywa kwa vidole na kuchujwa kokwa na nyuzi. Ukwaju unauvumilia moto, kwa hiyo huingia mapema. Embe changa humenywa, likakatwa vipande na kuingia pamoja na samaki. Linalainika, linayeyuka kingo, na supu inapata uzito kidogo. Mbirimbi zikiwepo uani hutumbukizwa mapema, na hapo mpishi mwenye busara haongezi kingine chochote kikali. Na kama siku hiyo pana nazi na umeamua kutia tui, uchachu wote ungoje. Tui likoroge bila kuliacha mpaka lichemke na kutulia, ndipo uanze kufikiria ndimu; ukilifanyia haraka linakatika, mafuta huku na maji kule.

Uchachu huu ni wa zamani kuliko nyanya. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipokuwa Mogadishu katika safari hiyohiyo alieleza chakula alichokirimiwa: wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni yake ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe mabichi yaliyotiwa siki. Mombasa aliandika kwamba chakula kikubwa cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki. Wakati huo hapakuwa na nyanya katika chungu chochote cha pwani hii, wala pilipili mbuzi, wala muhogo. Vyote hivyo asili yake ni Amerika, na vilifika baada ya merikebu za Wareno, wale waliouvamia mji wa Kilwa mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida. Mji ule haukurudia utajiri wake. Majiko yake yaliendelea kuwaka, yakavipokea vitu vipya kimoja baada ya kingine, na leo hakuna mtu wa Kilwa anayeuona muhogo mgeni. Nikisikia mtu akisema supu halisi lazima iwe na hiki na kile, huwa namkumbuka mpishi wa Kilwa Kisiwani wa enzi hizo, aliyepika na akashibisha watu bila hata kuvijua.

Pweza ana habari yake. Hapa anayepanga siku ya kupika ni mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua. Maji hupwa kwa zaidi ya mita 3, miamba hubaki wazi, na wanawake hutoka na vyuma vyao kuchungulia mashimo. Katika kisiwa cha Songosongo wanakijiji wamefika mbali zaidi: wamejiwekea utaratibu wa kuifunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Kiumbe huyu hukua upesi, hivyo hata muda mfupi wa kuachwa unaonekana kwenye mizani. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa sehemu ya mapishi. Supu njema imeanza pale mtu alipokubali kupita mwambani na kumwacha pweza mdogo.

Akifika nyumbani hupigwa juu ya jiwe mpaka mikono yake ilegee. Kisha kosa linalofanywa na wengi wasio wa pwani ni kumtia maji. Hahitaji. Mweke katika sufuria kavu, funika, moto uwe mdogo, na ndani ya dakika chache utasikia mchemko: ametoa maji yake mwenyewe, mekundu ya kuelekea zambarau, yanayotosha kumpikia. Chumvi usiiguse, maana amekuja na ya baharini, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyokolea. Mwache hapo kama saa moja, hata zaidi akiwa mkubwa, mpaka kijiti kipite katika sehemu nene ya mkono bila kusukumwa. Hapo ndipo kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga vinapoingia, na ndimu mwisho kabisa. Jioni mitaani supu hii huuzwa kwa bakuli, na wanaume huizungumza sana kwa ajili ya nguvu. Wana haki ya kuamini watakavyo. Mimi naistaajabia kwa sababu nyingine: sufuria imejaa supu, na hakuna aliyekwenda kisimani.

Bahari haitoi kila siku. Kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa hukaa ufukoni, na chungu hugeukia bara. Kwa bahati njema huo ndio wakati mbaazi zinapovunwa Lindi. Mbaazi hulowekwa usiku, huchemshwa polepole mpaka baadhi zipasuke na kuupa mchuzi uzito, halafu vipande vya muhogo vikafuata, na ng'onda mmoja aliyelowekwa kupunguzwa chumvi. Ng'onda huyo hatii shibe, anatia bahari. Mwache achemke vya kutosha ndipo uonje, kwa kuwa chumvi aliyobaki nayo huitoa kwa kuchelewa, na ukitia yako mapema umeharibu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, malori yalikwama. Vitunguu vingi vya masoko yetu huja kwa njia hiyohiyo. Jiko linalotegemea lori lilikuwa na siku mbaya. Jiko lenye mbaazi ndani ya debe, ng'onda juu ya dari, mnazi uani na ukwaju uliobanwa ndani ya kopo liliendelea na kazi, na sidhani kama mtoto yeyote wa nyumba hiyo aliuliza kitunguu kimekwenda wapi.

Nina masikitiko mawili, na nitayasema kwa kifupi. La kwanza ni nishati. Gesi asilia iligunduliwa Songosongo mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikisafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, lakini akina mama wengi wa Kilwa bado wanapika kwa kuni na mkaa, macho yakiwatoka machozi. Wanajua kuvuta kuni moja nje ili pweza asiungue, na ujuzi huo ni wa ajabu. Hata hivyo mapafu yao yana thamani kuliko ujuzi wowote. La pili ni vidonge vya mchuzi. Vinafanya supu zote za pwani kuwa na ladha moja, iwe ya changu, ya pono au ya kunde. Mtu mwenye kichwa cha samaki na nusu ndimu havihitaji.

Linabaki suala la hodi. Chungu kimeiva, kimehesabiwa watu watatu, na wageni wawili wako mlangoni. Maji baridi hayamwagwi katika supu iliyoiva, huongezwa yanayochemka. Lakini maji peke yake huifanya supu kuwa nyepesi, kwa hiyo kitafutwe cha kuirudishia uzito. Muhogo uliopondwa unafaa. Kwa ladha bora zaidi, Lindi ina korosho, na zile zilizovunjika hupatikana kwa bei ndogo. Zitwange na chumvi, zikoroge kwanza kwa upawa mmoja wa supu ya moto zisifanye mabonge, ndipo uzirudishe chunguni. Acha ichemke mara moja, onja upya chumvi na ndimu, maana vyote viwili vimezidiwa na maji. Supu inatosha watu watano, na hakuna kati yao anayeweza kujua ni nani hakuhesabiwa.