Mgeni, Mwenyeji na Kiti cha Enzi

Mwaka 1963 yalitokea mambo mawili yanayofaa kutazamwa pamoja. Katika Tanganyika mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria. Na mwaka huohuo ikachapishwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caezar. Watawala wetu wa jadi walikuwa wakiondoka barazani, na watawala wa jukwaa la Kiingereza walikuwa wakiingia katika lugha yetu. Baadaye ikafuata Makbeth, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi mwaka 1968, na Mabepari wa Venisi ya Mwalimu mwaka 1969. Hapana shaka kazi hizi zilionyesha uwezo wa Kiswahili. Lakini msomaji aliyeko Chanji, mjini Sumbawanga, ana haki ya kuuliza: je, visa hivi vinasema nini mbele ya simulizi la Milansi, ambalo Wafipa wamerithishana vizazi kwa vizazi?

Tuanze na Makbeth. Kiini cha tanzia hiyo si mauaji tu, bali ni mauaji ya mgeni. Mfalme Duncan analala katika ngome ya Macbeth, na Macbeth mwenyewe anatambua kwamba yeye ni jamaa, raia na mwenyeji wa mtu anayekusudia kumwua. Anapovunja ahadi ya mlango wake, usingizi unamtoka, na tangu hapo damu inaita damu mpaka anapouawa. Katika ulimwengu wa mchezo huo kiti cha enzi ni kimoja, na hakikaliwi na wawili.

Simulizi la Milansi laigeuza hali hiyo. Ntatakwa, mtawala wa kwanza, alikuwa amekwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, na mkewe akawaachia kiti cha enzi. Ntatakwa aliporudi aliikuta nchi ina wenyewe wengine. Hapa mtunzi wa Kiingereza angechomoa upanga. Wafipa hawakufanya hivyo. Nchi ilikwenda kwa wageni, ambao kizazi chao ndicho ukoo wa Watwa uliotawala Ufipa. Ntatakwa akabaki na Milansi yake na heshima ya mwenyeji wa kwanza.

Basi kwa Shakespeare mwenyeji anamwangamiza mgeni. Kwa Wafipa mgeni anamnyang'anya mwenyeji. Tunasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Milansi yatuuliza: apone vipi, ikiwa mgeni anakalia kiti chake?

Hata hivyo visa vyote viwili vinakutana katika jambo moja. Mlango wa mabadiliko unafunguliwa na mwanamke. Mke wa Macbeth anamchochea mumewe. Mke wa Ntatakwa anakitoa kiti. Mwandishi wa tamthilia atakayelichukua simulizi hili hana budi kuamua: mama huyu alikitoa kwa hofu, kwa heshima ya wageni, au kwa kuwa alijua jambo ambalo mumewe hakulijua? Akimfanya mjinga tu, atakuwa ameiandika lawama ya kale badala ya kumwumba mhusika.

Yupo atakayesema kwamba kisa kisicho na damu si tanzia, bali ni futuhi, kwa sababu kinaishia katika mapatano. Na atazame Mabepari wa Venisi. Futuhi hiyo inaishia kwa wapenzi kuungana, lakini kabla ya furaha hiyo Shylock amepokonywa mali na kulazimishwa kuiacha dini yake, na katika tendo la tano hayumo. Mapatano ya wengi yamelipiwa na mmoja. Kwa kipimo hicho, Milansi nayo si hadithi ya amani tupu. Aliyebaki na kijiji badala ya nchi amelipa.

Wala tusisahau kwamba simulizi la utawala huwa na mwenye kufaidika nalo. Katika historia aliyoitumia Shakespeare, Banquo alishirikiana na Macbeth; katika mchezo ametakaswa, kwa kuwa Mfalme James, aliyekalia kiti cha Uingereza mwaka 1603, alidai kutokana na ukoo wake. Vivyo hivyo, kisa kinachosema kwamba nchi ilitolewa bila vita kiliwafaa sana waliokuja kuitawala. Roy Willis, aliyewachunguza Wafipa na kuandika habari zao, aliyapa masimulizi haya uzito mkubwa katika kueleza jinsi dola yao ilivyojengwa. Mhakiki wetu naye ayape uzito huo, lakini asiyapokee bila kuyahoji.

Haja yetu, basi, si kuwafukuza wageni wa Kiingereza waliokwisha kukaribishwa katika fasihi yetu. Makbeth aendelee kusomwa. Ila tusifanye kama alivyofanya mke wa Ntatakwa, tukatoa kiti chenyewe. Siku Ntatakwa atakaposimama jukwaani, akirudi kutoka mawindoni, mkuki mkononi na nyumba imejaa wageni, watazamaji watanyamaza kusikia neno lake la kwanza. Neno hilo bado halijaandikwa katika tafsiri yoyote ya Shakespeare. Yatupasa kuliandika sisi.